Ile "kwaya" ya Queen ni watu watatu tu

Kuna makala inadai eti Bohemian Rhapsody, wimbo wa Queen, bendi ya Uingereza, iliyotimiza miaka 50 Oktoba 31, 2025, ilikodiwa kwaya nzima kwa ile sehemu ya katikati! Hapo mwandishi wa makala hiyo katuuzia mbuzi kwenye gunia. Zile sauti zote ni za Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na wenzake Brian May na Roger Taylor, wakirudia na kupandanisha sauti juu ya sauti kwenye kanda ya njia 24 (inayorekodi sauti 24 kando kando), mpaka kanda ikalika, ukiinua unaona mwanga upande wa pili. Hilo la kulika naliamini. Miaka ya 90 nilikuwa narekodia watu kaseti kibandani, na kila jioni nikifuta hedi ya deki, kile kichwa cha mashine kinachogusana na kanda, kwa pamba na spiriti, pamba inatoka na vumbi la kahawia kama kutu. Vumbi hilo ndilo linaloshika sauti kwenye kanda, kwa hiyo ndiyo nyimbo zenyewe zinabanduka hivyo! Na wimbo huu wa karibu dakika 6 ulinitesa: ukiuweka mwisho wa upande A, kaseti inakata palepale kwenye "Bismillah", mteja anarudi amenuna. Kuna mwenye kaseti yake ya zamani ambayo bado inalia vizuri?