Domo la bata, kilo tatu za kahawa na watoto wa matarumbeta

Msimu wa harusi ukifika, simama Jumamosi alasiri karibu na Mnara wa Saa hapa Moshi. Utawasikia kabla hujawaona. Gari la mizigo limetangulia msafara, nyuma wamesimama vijana sita au saba, mashavu yametuna, besi limemviringa mmoja wao kama chatu, na watoto wa mtaani wanakimbia pembeni hadi pumzi ziwaishie. Hakuna aliyewasimulia watoto hao habari za mwanamuziki mashuhuri. Wanakimbilia mlio.

Nimeikumbuka picha hiyo kwa sababu ya ubishi uliozuka kanisani kwetu likizo iliyopita. Walimu wa shule ya Jumapili walitaka kuanzisha darasa la muziki, na kama chambo wakapendekeza watoto waonyeshwe kwenye projekta maisha ya Manu Dibango, mpuliza saksafoni wa Kameruni. Kiongozi wa matarumbeta, mzee ambaye wapulizaji wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake, akagoma. Kwake yeye, hiyo ni sawa na kumwonyesha mtoto pilau dirishani kisha ukamwandalia makande, kwa kuwa darasa lenyewe halina saksafoni hata moja. Pande zote mbili zilinijia nyumbani kutafuta mtu wa kuwaunga mkono, nami, kusema kweli, nilimkubalia kila aliyekuja. Deni hilo ndilo ninalolilipa leo.

Walimu walichagua mtu vizuri. Dibango alizaliwa Douala mwaka 1933, mwaka uleule ambao wakulima wa Kilimanjaro walianzisha ushirika wao wa kahawa, KNCU. Alikuwa mtoto wa kanisa la Kiprotestanti, na muziki aliuonja huko kwanza. Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, alipandishwa meli kwenda Ufaransa kusoma, na kwenye mizigo yake mlikuwa na kilo tatu za kahawa za kuwalipa wenyeji wake. Msimulie habari hiyo mtu wa Marangu au Kibosho ambaye ada yake ilitoka kihambani, uone kama atahitaji maelezo zaidi.

Huko Ufaransa alijifunza piano, ndipo akaja kuipenda saksafoni. Mwaka 1972 alitunga wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa kwao Kameruni, na upande wa pili wa sahani ya santuri akaweka "Soul Makossa". Wimbo wa mpira ulisahauliwa. Ule wa upande wa pili ulifika New York, ukaingia kwenye chati za Marekani mwaka 1973, na kibwagizo chake Michael Jackson akakitumia mwaka 1982. (Arusha nayo ilianza kujengewa uwanja kwa ajili ya kombe hilohilo, AFCON ya 2027. Natumaini yupo anayefikiria wimbo, na upande wa pili.) Dibango aliendelea kupuliza hadi uzeeni, UNESCO ikamteua Msanii wa Amani mwaka 2004, na UVIKO-19 ukamchukua Machi 2020 akiwa na miaka 86.

Hoja ya walimu ni kwamba mtoto hatamani asichokijua. Wazazi wa watoto hawa walilisikia domo la bata, kama watu wa dansi wanavyoiita saksafoni, bila kulitafuta. Redio ilikuwa na OK Jazz ya Kongo, ambako mpuliza saksafoni Verckys Kiamuangana alijiunga mwaka 1963. Baadaye ikaja bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam. Arusha yenyewe ilikuwa na Arusha Jazz, bendi ya akina Kinyonga waliohamia Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika. Kisha kikaingia kinanda cha umeme, ambacho hufanya kazi ya wapulizaji watatu na hakidai posho. Mtoto wa leo huliona domo la bata kwenye simu, au kwenye hoteli ya watalii akibahatika kuingia. Ndiyo maana uso wa Dibango, kipara, miwani myeusi na kicheko kile kizito, una kazi ya kufanya.

Kuna kazi nyingine ambayo walimu hawakuisema, nami naiona kubwa zaidi. Huku kwetu tarumbeta lina heshima ambayo domo la bata halina. Matarumbeta tumeyarithi kwa Walutheri wa Kijerumani, ambao wamisionari wao wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kundi la ala za kanisa la Kijerumani lina tarumbeta, tromboni na besi. Saksafoni haimo. Yenyewe iliingia kwa mlango wa dansi, wenye taa nyekundu na kreti za bia. Kwa hiyo babu yuleyule anayetokwa na machozi mjukuu wake akipuliza siku ya kipaimara, ukimtajia domo la bata atauliza kama mtoto ameanza kunywa. Mbele ya babu huyo, Dibango ni shahidi mzuri: mtoto wa kanisani aliyeshika ala ya baa akazeeka kwa heshima.

Lakini shahidi huyohuyo, ukimwacha aseme yote, atawafurahisha pia wazazi wasiotaka. Dibango alifeli sehemu ya mwisho ya mtihani wake wa sekondari, baba akakata fedha, kijana akaenda Brussels kutafuta riziki kwenye vilabu vya usiku. Hata kibwagizo kilichompa jina duniani ilibidi akifuate mahakamani. Na huyo ndiye aliyefanikiwa. Waliopuliza pamoja naye kwenye vilabu vilevile hatuwajui, wala hakuna anayewaonyesha watoto kwenye projekta. Mama wa mtaa wa Pasua anayebana mia mia apate ada ana haki ya kuuliza anaonyeshwa mfano au anaonyeshwa bahati.

Hoja nzito zaidi ya mzee wa matarumbeta, hata hivyo, haihusu fedha za usoni. Inahusu chombo chenyewe.

Saksafoni, aliyoisajili Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, ina mwili wa shaba lakini hulia kwa kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wake. Kipande hicho huchakaa, hupasuka, huumwa na meno ya mwanafunzi, na kikiisha si kitu unachokikuta duka la jirani. Mwilini kuna matundu zaidi ya 20, kila moja na kifuniko chenye pedi ya ngozi. Pedi moja ikivimba kwa unyevu wa masika au ikikakamaa kwa vumbi la kiangazi, hewa inavuja, na sauti zote zilizo chini ya tundu hilo zinakataa kutoka. Hapo ndipo ubaya ulipo, maana mtoto wa miezi miwili hajui kwamba ala imevuja. Anadhani yeye ndiye hana kipaji, anairudisha kabatini, na hutamwona tena. Tarumbeta lina pistoni tatu. Zikikwama unatia mafuta. Likibonyea, nimeona moja lililonyooshwa na fundi wa bodi za magari, na mpaka leo linakwenda harusini.

Halafu kuna namna ya kufundishana. Tarumbeta la usharika halina mwenyewe. Mtoto hukaa pembeni ya aliyemtangulia, hufuata vidole vyake, hushika sauti ya pili ya wimbo mmoja tu, na baada ya miezi kadhaa anapuliza mbele ya kanisa zima. Hadhira anayo kila Jumapili bila kuitafuta. Saksafoni moja kati ya watoto 20, kwa upande mwingine, huishia kufungiwa ofisini kwa usalama.

Kwa hiyo naegemea kwa mzee, ila si mpaka mwisho. Matarumbeta yake yana dari fupi. Kijana akishajua nyimbo za ibada na za kumtoa bibi harusi, hakuna anayemwambia kwamba Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River wanafundisha muziki hadi shahada, wala kwamba kuna watu waliopanda jukwaani maisha yao yote kwa pumzi zao. Mabinti nao husukumwa kwaya kabla hawajaulizwa. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, lakini mwalimu asiye na ala hufundisha kuimba na kupiga makofi, na hatuwezi kumlaumu.

Ningekuwa na sauti katika kamati, ningebadili mpangilio tu. Likizo ya kwanza, filimbi za plastiki, ambazo ni rahisi na namna ya kupanga vidole juu yake inakaribiana sana na ya saksafoni. Kisha matarumbeta, kwa mzee. Projekta iwashwe mwishoni, watoto wakishajua midomo kufa ganzi ni kitu gani. Wakati huo watamtazama Dibango kama fundi anayefanya kazi wanayoifahamu, na wataona anavyovuta pumzi. Na wasimuliwe yote: kahawa, mtihani aliofeli, mahakama.

Nakiri kwamba kwangu mpangilio huo ulishaharibika. Binti wa dada yangu, ana miaka 11, aliiona video ya Dibango kwenye simu yangu kabla ya kamati kukaa, akataka domo la bata na si kingine. Alipokwenda kujiandikisha alipewa kilichobaki, baritoni, ala kubwa ya shaba yenye sauti nzito, ambayo akiipakata inamziba nusu ya uso. Alinuna wiki tatu. Jumamosi iliyopita nilipita nyuma ya kanisa wakati wa mazoezi, wengine wakiwa mapumziko, nikamkuta peke yake kwenye benchi anatafuta kitu kwa taratibu, sauti mbili anapata, ya tatu inamkimbia. Ilinichukua muda kukitambua kibwagizo cha "Soul Makossa". Mzee alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akamuuliza ni wimbo namba ngapi.