Nahodha akiokoa watu, nani anawapokea?

Kila boti ya wavuvi ikipotea huku kwetu Mombasa, swali ni lile lile, si kulikuwa na meli kubwa zinapita pale, mbona hakuna iliyosimama? Na wengi washamaliza, nahodha hana utu. Mimi hiyo hukumu naona inaenda mbio sana.

Sheria yenyewe iko wazi. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa watu baharini ulioanza 1914 baada ya Titanic kuzama, unasema nahodha akipata habari kutoka popote pale kwamba kuna watu wako hatarini, na yeye yuko mahali anaweza kusaidia, lazima aende haraka, haijalishi ni wa nchi gani wala wameingia baharini kwa njia gani. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, kifungu cha 98, nao unazitaka nchi ziwabane manahodha wa meli zao hivo hivo, ila asiitie meli yake, mabaharia na abiria kwenye hatari kubwa. Na akiona hawezi kwenda, aandike sababu kwenye kitabu cha meli.

Sasa hiyo hatari kubwa si kisingizio tu. Meli ya kontena ikitoka bandari ya Kilindini ikishashika mwendo haisimami pale unapotaka, injini imezimwa na bado inateleza maili nzima na zaidi. Halafu wakati wa kusi mashua iko chini ubavuni inapanda na kushuka, ngazi ya kamba inapigapiga kwenye chuma, na mtu aliyekaa juani bila maji mikono haina nguvu ya kushika, akiteleza anabanwa katikati ya mashua na meli. Tena kuna uharamia, ile miaka ya 2008 mpaka 2011 maharamia wa Kisomali walikuwa wanateka majahazi na boti za uvuvi wanazitumia kusogelea meli, kwa hivyo nahodha akiona watu wa boti wanampungia mikono huko mbali, kusita namuelewa.

Lakini kusita na kwenda zako ni mambo mawili. Anaweza kukaa kwa mbali akaangalia, akaita kwenye chaneli 16, ile ya redio ya dharura baharini, akawaambia kituo cha kuratibu uokoaji ambacho kiko hapa hapa Mombasa tangu 2006, akawaangushia maboya na maji. Aliyepita kimya bila kuandika wala kuripoti chochote, huyo simtetei hata kidogo.

Na wale wanaosema meli ikichelewa ni hasara, sawa, siku moja ya meli ni pesa nyingi na aliyeikodi atapiga simu kwa ukali. Ila mara nyingi bima ya mwenye meli hulipia mafuta na chakula kilichoongezeka sababu ya kuokoa watu, na roho ya mtu haiwekwi mizani moja na kontena.

Kinachoniuma mimi ni yanayomkuta nahodha baada ya kutii. Agosti 2001 Arne Rinnan, nahodha wa meli ya Norway inayoitwa Tampa, aliokoa watu zaidi ya 400 waliokuwa wakitafuta hifadhi, karibu na Christmas Island, kisiwa cha Australia, na Australia ikamkatalia kuwashusha na mwisho ikatuma wanajeshi wakapanda melini. Baada ya kisa kile mikataba ikarekebishwa, na tangu 2006 serikali zinatakiwa zishirikiane nahodha aondolewe mzigo huo mapema. Haya, 2020 meli ya mafuta Maersk Etienne ikaombwa na Malta yenyewe iokoe watu 27, ikawaokoa, halafu ikakaa nao wiki tano na zaidi inazungushwa, watu wanalala kwenye deki ya meli ya mafuta!

Serikali zinasema zikipokea kila mtu, wasafirishaji haramu watazidi kujaza boti mbovu. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini wa kuwakabili ni hao wasafirishaji, huko nchi kavu, nahodha hana mahakama wala kambi mle melini. Watu wakitaka adhabu kali kwa nahodha anayekwepa, mimi niko nao, mradi ibanwe pia nchi inayofunga bandari, maana ukimbana mmoja tu utapata manahodha wanaoomba wasione kitu.

Kwa hivyo nataka Kenya itamke mapema, meli ikifika Kilindini na watu iliyowaokota baharini, ofisi gani inawapokea, na ndani ya saa ngapi.