Ukondefu wa mtoto: tuamini utepe wa mkono au mizani?

Mtoto wa miezi 40 anapimwa mkono na utepe unasoma milimita 128. Ni kijani, rangi ya usalama kwenye utepe, kwa hiyo anaruhusiwa kwenda. Mtoto huyohuyo akipandishwa kwenye mizani na kupimwa urefu, uzito wake unaweza kuangukia chini ya hasi 3 (alama inayoonyesha uko chini ya wastani kwa kiasi gani) ukilinganishwa na viwango vya watoto wa urefu wake, na hapo anahesabiwa kuwa na ukondefu mkali. Huenda hakuna aliyekosea kupima. Vipimo hivi viwili haviwakamati watoto walewale, na ndiyo maana ubishi kati ya wataalamu wa lishe haujaisha.

Kwa mujibu wa tamko la pamoja la WHO na UNICEF la 2009, mtoto wa miezi 6 hadi 59 ana utapiamlo mkali ikiwa mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya milimita 115, au uzito wake kwa urefu uko chini ya hasi 3. Uvimbe wa miguu yote miwili nao unatosha peke yake. Kigezo kimoja kikitimia, mtoto anaanzishiwa matibabu.

Wanaotetea utepe wana hoja nzito. Ni mwepesi, hauhitaji hesabu wala jedwali, na mama akifundishwa anaweza kumpima mwanawe nyumbani mara kwa mara badala ya kungoja siku ya kliniki. Zaidi ya hapo, mzingo wa mkono hufuata hali ya misuli, ambayo ni akiba ya mwili wakati wa maradhi, na unatabiri hatari ya kifo vizuri kuliko uzito kwa urefu. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara hupungua uzito ghafla na mizani ikamwonyesha amekonda kuliko alivyo, ilhali mkono wake haubadiliki sana.

Upande wa pili unajibu kwamba sehemu ya sifa hiyo inatokana na umri. Mstari wa milimita 115 ni mmoja kwa mtoto wa miezi 7 na wa miezi 55, ingawa mkono hunenepa kadiri mtoto anavyokua. Matokeo yake, utepe huwakamata zaidi watoto wadogo, ambao hata hivyo ndio wanaokufa zaidi, na kuwaacha wakubwa. Hoja hii naiona ya kweli, na yule wa miezi 40 ndiye anayeumia.

Mizani nayo ina upofu wake. Sentimita moja ya mguu ina uzito mdogo kuliko sentimita moja ya kiwiliwili, kwa hiyo mtoto mwenye miguu mirefu huonekana amekonda kwenye jedwali hata kama anakula vizuri. Uvimbe nao huongeza uzito wa maji na kuficha ukondefu. Ndiyo maana miguu ibonyezwe kwa vidole gumba kwa sekunde 3 kabla ya kusoma namba yoyote. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mizani haina la kukuambia.

Makosa mengi, hata hivyo, yako mikononi mwa mpimaji. Kwa utepe, kosa kubwa ni kukisia katikati ya mkono. Kunja kiwiko cha mkono wa kushoto kwa pembe mraba, pima kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama nusu ya urefu huo, kisha nyoosha mkono uning'inie umelegea ndipo uzungushe utepe. Ukiukaza hadi ngozi ijikunje, unampunguzia mtoto milimita kadhaa. Ukiacha nafasi ya mwanga kati ya utepe na ngozi, unamwongezea. Milimita 3 zinatosha kumtoa mtoto kwenye nyekundu, yaani chini ya milimita 115.

Kwa urefu, mtoto aliye chini ya sentimita 87 hupimwa amelala, aliyefikia hapo husimama. Akilazwa aliyepaswa kusimama, toa sentimita 0.7. Viatu na nywele zilizofungwa juu humrefusha, naye akaonekana amekonda zaidi. Magoti yaliyokunjwa humfupisha na kuficha tatizo.

Msimamo wangu ni kwamba utepe uwe mlango wa kwanza, kwa sababu unafika pasipofikiwa na mizani. Lakini kituo chenye mizani na ubao wa urefu hakina sababu ya kumwachia mtoto kwa kijani pekee, hasa akiwa amevuka miaka 2 au akiwa mgonjwa. Kudai vigezo vyote viwili vitimie ndipo atibiwe ni kosa baya zaidi. Na aliyeingia matibabuni kwa mkono atolewe kwa mkono, milimita 125 au zaidi. Aliyeingia kwa uzito atolewe kwa uzito, hasi 2 au juu yake, wote wakiwa wamekaa angalau wiki 2 bila uvimbe.