Anayeanza chesi: tumjengee ukuta kwanza au tumwache afungue mchezo?

Wadau wa chesi hapa Dodoma, kuna ubishi haujawahi kuisha, na mimi naona pande zote mbili zina hoja ila hazina uzito sawa. Mtu ndo kwanza kaelewa farasi anarukaje, sasa tumpe ufunguzi imara, yani London akiwa mweupe (askari d4, kisha askofu f4) na Caro-Kann akiwa mweusi (kujibu e4 kwa c6), au tumwambie sukuma e4, toa kete zako nje, pigana? Kwa mgeni, herufi a mpaka h ni safu za wima na namba 1 mpaka 8 ni mistari ya ubao, e4 ni askari wa mbele ya mfalme akisukumwa hatua mbili.

Wanaotetea ukuta wanaanzia kwenye vipigo vya mapema. Malkia h5, askofu c4, hatua ya nne malkia anakula f7 na mchezo umekwisha, kila anayeanza kashapigwa hivyo. Ukijibu e4 kwa c6 halafu askofu akaja c4, wewe unasukuma d5 tu, njia ya kwenda f7 imezibwa na askofu mwenyewe anatakiwa kukimbia. Hapo wana haki kabisa. Halafu kuna jambo la kwetu, wengi mtaani Majengo, Makole na kwingineko tumetokea kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima, kwahiyo mtu anakuja na mkono uleule, akiona askari yuko wazi anamla bila kuangalia malkia anabaki wapi. Mchezo uliofungwa unampunguzia hivyo vishawishi mpaka akili izoee kwamba huku unaruhusiwa kukataa kula. Hii hoja kwangu ndo nzito kuliko zote.

Na wasiseme ni michezo ya waoga. Caro-Kann ipo tangu 1886, Horatio Caro na Marcus Kann walipoichambua, bingwa wa dunia wa zamani Karpov kaitumia sana. London nayo, Ding Liren aliitoa mchezo wa 6 dhidi ya Nepomniachtchi kule Astana, Kazakhstan, 2023 wakigombea ubingwa wa dunia, na akashinda.

Sasa shida. Ding anajua kwa nini askofu anakaa f4, mdogo wetu aliyeangalia video moja hajui, yeye anapanga d4, askofu f4, e3, c3 kila siku, mpinzani afanye asifanye. Mweusi anasukuma c5 anamleta malkia b6, ghafla askari wa b2 hana mlinzi, kwa sababu aliyekuwa anamlinda ni huyohuyo askofu aliyetoka mapema. Au mpinzani anamrusha farasi h5, na kama hukusukuma h3 kumpa askofu njia ya kurudi h2 basi askofu uliyemtegemea anabadilishwa na farasi. Na hata Caro-Kann ina shimo lake: e4 c6, d4 d5, farasi c3, unakula e4, farasi anakula, unamleta farasi wako d7, mweupe anaweka malkia e2, wewe unatoa farasi wa pili f6 kama hatua ya kawaida kabisa, farasi wake anatua d6, meti, yani mfalme kanaswa na mchezo umekwisha. Askari wa e7 hawezi kumla maana akitoka tu malkia anamtazama mfalme. Hatua zote zilionekana za busara na umekufa ndani ya hatua sita.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, mweusi achukue Caro-Kann, hapo sibishani na mtu, kwa sababu kila hatua ina sababu unayoweza kumweleza mtoto: c6 inamshika mkono d5, na tofauti na ufunguzi wa Kifaransa askofu wa c8 hafungiwi ndani, mweupe akisukuma e5 wewe unamtoa f5 kabla ya kuweka e6. Ila akiwa mweupe London isubiri. Acheze e4, farasi f3, askofu c4, yani ufunguzi wa Kiitaliano wa taratibu wenye d3 na c3, amfiche mfalme pembeni mapema. Ni imara vilevile, hakuna askari anayeachwa hovyo, lakini kati panabaki pana mvutano, ataona kete zikigongana, atajifunza kuhesabu nani anamlinda nani, na hicho kitu London inaweza kukuficha miezi mingi ukidhani unakua kumbe unapanga tu fanicha.

Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wananiambia muda hawana, kipindi kikiisha wanacheza dakika tano tano kwenye simu na London inawapa hatua nane za bure bila kufikiri. Nawaelewa, na kwa mchezo wa haraka inasaidia kweli. Ila ucheze pia hata mmoja wa polepole, dakika kumi na tano kila mtu, na kama ushaipenda London usiitupe, we jifunze tu utafanya nini malkia akija b6 na siku gani usukume c4 badala ya c3.