Kwani Wewe Ulizaliwa na Bomba la Moshi Mkononi?

Jumapili usiku, mvua za mwisho mwisho zinapiga bati hapa Uyole hadi redio haisikiki, nikafungua kundi letu la wafuga nyuki kwenye simu. Kulikuwa na mgeni. Mama mmoja wa Mafinga, mstaafu, ameingizwa na mpwa wake jioni ile ile. Akaanza kama mtu aliyelelewa: "Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nina mzinga mmoja, niliuning'iniza mwezi wa kwanza. Mpaka leo hakuna nyuki. Nimekosea wapi?"

Jibu la kwanza: "Limeshaulizwa." Basi. La pili: "Mama, soma kwanza ndiyo ufuge." La tatu halikuwa hata jibu, lilikuwa kibonzo cha nyani anayejigaragaza kwa kicheko. La nne lilitoka kwa ndugu mmoja ambaye mwaka jana tu alikuwa anatuuliza kama malkia ana mume mmoja au wengi (ni wengi, na kila mmoja hufa akishamaliza kazi, tulimjibu kwa adabu zote). Yeye leo anaandika: "Wageni mnatuchosha."

Saa tatu na nusu mama wa watu alikuwa ameshatoka. Ikabaki ile taarifa ya kijivu kwamba fulani ameondoka, na chini yake mtu akatuma bei ya ndoo.

Kilichoniuma kuliko nyani ni ile shikamoo. Tuko zaidi ya mia mbili mle ndani, hakuna aliyeiitikia. Hata mlevi wa Mwanjelwa, umkute katikati ya matusi, ukimpa shikamoo atakata tusi aitikie marahaba, kisha aendelee na tusi lake. Sisi tulishindwa. Sisi wenye vyeti vya semina.

Na msiniambie mlikuwa mmechoka. Wiki tatu kabla ya hapo mkubwa mmoja wa ofisi fulani, mwenye gari la vioo vyeusi, aliuliza swali hilo hilo, tena bila salamu: "Wadau, mizinga yangu haina nyuki, shida nini?" Nilirudi nyuma nikahesabu. Majibu kumi na moja. Moja lilikuwa sauti ya dakika sita, imeanza na "Mheshimiwa, kwanza nikupongeze". Watu wawili walijitolea kwenda kumkagulia shambani kwa nauli yao. Huyo hakuambiwa limeshaulizwa. Kumbe uchovu wetu unajua kusoma vyeo.

Lakini hilo la vyeo liko kila mahali, kuanzia foleni ya zahanati hadi ya mbolea, sitalimaliza leo. Nalotaka kulisema ni hili neno lenyewe, "limeshaulizwa". Ni uongo. Kwa nyuki, swali halijawahi kuulizwa mara mbili.

Angalieni. Mtu wa Tukuyu na mtu wa Chunya wote wako mkoa mmoja wa Mbeya. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mtu anaanika nguo Jumatatu anaanua Alhamisi zikiwa mbichi. Chunya ni miombo, ni kiangazi cha vumbi jekundu. Mmoja akiuliza "nirine lini?" na mwingine akiuliza "nirine lini?", hayo ni maswali mawili yaliyovaa shati moja. Maua yao hayafunguki pamoja. Wa Chunya ukimpa jibu la Tukuyu atafungua masega ambayo hayajazibwa, arine asali yenye maji mengi, na ikivuka asilimia 20 ya maji inaanza kuchacha kwenye ndoo. Halafu atarudi kuuliza kwa nini asali yake inatoa povu, na mtamwambia limeshaulizwa.

Ndiyo maana mzee aliyenifundisha mimi, kule upande wa Chunya nilikoweka mizinga yangu tisa, hajawahi kunijibu swali moja kwa moja. Kila nikiuliza, ananiuliza. Umeuweka lini? Mlango unaangalia wapi? Maji yako umbali gani? Mwanzoni nilidhani ananizungusha. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa na jibu mfukoni, alikuwa analitafuta kwenye maelezo yangu. Mimi sasa nikimwona mtu anayejibu kwa kukutuma ukasome, wazo la kwanza linalonijia ni kwamba hajui, na hataki ijulikane kuwa hajui.

Wengine mnapenda hili: "Google ipo." Haya, tuende Google. Andika kwa Kiingereza kwamba mzinga wako hauna nyuki. Utaletewa Wamarekani, na watakushauri ununue nyuki. Kule wanauzwa kwa uzito, kwenye kasha, ratili tatu za nyuki na malkia wake amefungiwa kijisanduku cha peke yake. Mama wa Mafinga ataagiza wapi ratili tatu za nyuki, kwenye basi la usiku? Sisi tunaning'iniza mzinga na kungoja waje wenyewe. Huko huko Google ataonyeshwa jinsi ya kuwapa nyuki sharubati ya sukari ili wavuke theluji, na mzungu aliyevaa kaptula anafungua mzinga kwa mikono mitupu huku anatabasamu. Jaribu kaptula hiyo na hawa wetu. Mwaka 1956 mtafiti wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki wa Afrika akawapeleka Brazil, mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakatoroka, yakasambaa hadi Marekani, na huko wakayaita nyuki wauaji. Ndugu zao ndio hawa tunaowafuata sisi na ovaroli la kuazima.

Kwa hiyo mgeni anayekuja kuuliza watu wa kwao amefanya jambo la akili kuliko yule aliyekwenda Google.

Niwaambie na habari ya ndizi. Mwaka juzi kijana mmoja wa Rungwe aliuliza kama ni kweli mtu asile ndizi mbivu kabla ya kwenda kwenye mizinga. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka. Kundi zima lilicheka siku mbili. Mnyakyusa na ndizi, unaacha kuchekaje? Mtu akauliza kama na parachichi nalo lina masharti. Yule kijana akajibu "ndaga bakaka", yaani asanteni kaka zangu, akanyamaza, na hajauliza tena tangu siku hiyo.

Miezi ikapita, nikawa nasoma mambo ya moshi, kwa nini unawatuliza. Nyuki akiuma anaachia harufu inayowaita wenzake waje kushambulia, na moshi unaifunika harufu hiyo. Mwaka 1962 watafiti walichapisha kwamba kemikali mojawapo kuu ndani ya harufu hiyo ndiyo ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Nilisoma mara mbili. Kama ndizi moja tumboni inatosha kuwaamsha sijui, lakini wewe uliyeumwa mara nyingi vuta kumbukumbu: pale mzinga unapochafuka, hewa hainukii kama mgomba wenye mkungu ulioiva? Yule kijana alileta swali la maana kuliko yote tuliyopata mwaka ule, sisi tukaleta parachichi.

Na mimi mwenyewe nilianzaje? Nitasema, ingawa mke wangu atasema najidhalilisha mbele za watu. Mzinga wangu wa kwanza niliutengeneza kwa mbao za kitanda, nikausugua ukateleza, kisha nikaupaka rangi ya mafuta. Nje na ndani. Rangi ya bluu iliyobaki dukani kwangu, maana mimi ni muuza spea na bluu haikosekani. Niliona fahari, nikampelekea yule mzee. Akainua kifuniko, akaingiza kichwa, akanusa. Hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu, ungelala humo wewe?" Nikasema hapana, kunawasha macho. Akasema, "Haya." Akanipa kipande cha nta na kunionyesha jinsi ya kuyeyusha na kuipitisha kwenye vile vibao vya juu vinavyoshika masega, mstari mmoja katikati. Mzinga mwingine, si ule wa bluu. Ule wa bluu mke wangu anahifadhia viatu.

Fikirieni angekuwa na simu na kibonzo cha nyani.

Najua mtakachosema, na kwa shingo upande nitawapa haki yenu. Wageni wengine wanachosha kweli. Kuna anayeingia saa nne na saa nne na dakika tano anauliza "mzinga mmoja faida shilingi ngapi kwa mwezi". Kuna wa sauti za dakika nne, tatu zikiwa za kukohoa. Kuna anayeuliza, watu wanaacha biashara zao wanamwandikia maelezo marefu, halafu anapotea bila hata asante, na wiki ijayo anarudi na dua ya kusambaza kwa watu kumi. Hao mniachie, nitawasema mwenyewe siku nyingine. Mama wa Mafinga hakuwa mmoja wao. Alisalimu, alisema mzinga mmoja, alisema tangu lini, akakiri amekosea kabla hajaambiwa. Mtu mzima aseme nini zaidi?

Sasa hili linalofuata nimelizunguka tangu mwanzo, niliseme.

Agosti mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama anaweza kurina kwa mwenge wa nyasi, kwa sababu hana bomba la moshi, kile kifaa cha kufukizia nyuki. Nilikuwa nimetoka kugombana na mteja, nikamjibu mimi: "Hapa si darasa la kwanza." Watu sita wakanipa dole gumba. Nikajiona mwanaume.

Angejibiwa kwa dakika mbili. Angeambiwa kwamba Agosti majani yamekauka kama karatasi na upepo hauna adabu. Kwamba bomba la kubahatisha linatengenezwa kwa kopo la kilo moja la maziwa, magunzi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moto ukabaki ndani ya kopo na moshi ukatoka nje. Kwamba aende jua likizama, na asirine yote, awaachie nyuki chakula chao. Hayo yote nilikuwa nayajua. Yalikuwa mdomoni.

Baada ya kama wiki mbili akatuma picha. Hakuandika maneno mengi. Mti mweusi, nyasi nyeusi mpaka kilimani, na chini ya mti majivu yenye umbo la mzinga. "Samahanini wakubwa, umeniponyoka." Alituomba samahani sisi! Nilikaa dukani nimeishika simu, mteja ananiuliza bei ya plagi namwangalia tu.

Mtu akinyimwa jibu haendi nyumbani kulala. Asali imeshaiva, mtoto anadaiwa ada, atakwenda kurina vilevile. Atakwenda na alichonacho, na kama alichonacho ni kiberiti, atakwenda na kiberiti.

Jumapili ile, kwa hiyo, na mimi nilikuwemo. Nilimsoma mama yule dakika ile ile alipoandika, nikawa natafuna karanga nikisubiri nani ataanza kumjibu. Sikutuma nyani, lakini sikuitikia shikamoo. Jumatatu nikampigia mpwa wake, akasema shangazi amesema hataki tena makundi ya watu wa mjini. Nikamwomba amsomee haya.

Shikamoo mama. Habari za Mafinga, baridi imeanza? Mzinga wako umeuning'iniza wapi hasa? Kama uko katikati ya misindano, huko ndiko kwenye shida: msindano haumpi nyuki mbochi, ule utamu wa maua, utawasubiri mpaka uchoke. Usogeze kwenye mikaratusi, au ukingoni ambako kuna miti ya asili na maji si mbali. Ndani uwe umepitisha nta kwenye vile vibao vya juu. Kama huna nta, usinunue, nitakutumia kipande kwa basi. Waya unaoshika mzinga upake grisi siafu wasipande. Angalia pia kama buibui hawajajenga mlangoni, nyuki hagombei nyumba na mtu. Na usikate tamaa mwezi wa sita na wa saba, kwenye baridi hiyo hakuna kundi linalohama kutafuta nyumba. Safisha Agosti, uwangojee na maua yanayotangulia mvua.

Halafu nina swali moja, unijibu kupitia kwa mpwa wako kama kundini hutaki kurudi. Ndani umepaka rangi? Kama umepaka niambie tu, wala usione haya.