Mkebe Uliobonyea Kitako

Gesi iliniishia jana saa moja jioni, maharagwe yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kutokota, na kwa kuwa ilikuwa tarehe 23, nisiulizwe kwa nini sikununua nyingine. Nilishuka ngazi na karai mkononi, kwa heshima zote za mwenye nyumba, nikaenda kwa mama wa makaa.

Mama huyu hupimia kwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, ambao kitako chake kimebonyezwa hadi kinakaribia kusalimiana na mdomo. Makaa huyapanga kama mwashi: pande kubwa hulazwa kimshazari, jingine likaegemezwa juu yake, na katikati hubaki uwazi ambao paka angezalia humo. Nilimwomba kwa adabu autikise kidogo.

"Baba, makaa hayatikiswi, yatavunjika."

Nikamuuliza kama ananiuzia makaa au hewa. Akaniambia kwamba tangu serikali ya Kenya ilipozuia ukataji wa miti misituni mwaka 2018, gunia halishikiki. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2023 serikali hiyo hiyo ilitangaza kuiondoa marufuku.

"Marufuku ilienda, baba. Bei haikusindikiza."

Nililipa. Nyumbani nilihesabu vipande 11, mawe mawili, na vumbi la kutosha kuoteshea sukuma wiki.

Jiko nililiwasha barazani, maana moshi wa kuni hukufukuza mwenyewe, lakini hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kubisha hodi. Jirani wa juu alikuwa ameanika shuka, tuliyoambiana hayaandikiki. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, makaa, samadi au mafuta ya taa, nami nilipokuwa nikipepea kwa kifuniko cha ndoo, sikufarijika hata kidogo kwa wingi wetu. Niliwaonea wivu wanavijiji wa India, ambao samadi yao hukaushwa ikiwa bapa kama chapati. Hebu mtu ajaribu kuificha hewa katikati ya chapati!

Saa tano usiku watoto walikuwa wamelala kwa chai na mkate, maharagwe bado magumu, ndipo makaa yalipoamua kushika sawasawa, yakawa mekundu kama macho yangu. Mke wangu akasema tusiyapoteze, akateleka maji. Nikaoga.