Mombasa: ngome ina mwenyewe, mji je?

Kila Disemba nyumba yetu hugeuka hoteli. Binamu wa bara, watu niliowahi kufanya kazi nao, marafiki wa marafiki, wote wameshuka stesheni ya Miritini na mabegi yao, na swali halibadiliki: baharini tumeshaoga, sasa twende wapi? Jibu tulilolizoea ni fupi. Fort Jesus asubuhi, picha chini ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue mchana, jioni mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili kule Lighthouse. Mmoja wao aliyamaliza yote kwa siku moja, akaniambia Mombasa ameshaiona na kesho anavuka feri kwenda Diani. Sikumbishia. Ila baina ya ngome na ile mihogo kuna mji mzima alioupita ndani ya tuktuk.

Barazani kwetu jambo hili halijapata suluhu. Wako wanaotaka mgeni aingizwe Mji wa Kale atembee kwa miguu, ale, anunue, aulize. Wengine wanasema vile vichochoro ni makao ya watu, si maonyesho, na mgeni atosheke na ngome.

Ngome yenyewe sina ugomvi nayo. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiiangalia kwenye ramani ina umbo la mtu aliyelala chali. Lakini asikwambie mtu kuwa ni habari ya Wareno peke yao. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliwageukia waliomlea akaiteka na kumuua kapteni wake. Waomani nao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliokuwa ndani, ilizama mbele yake mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa humo miaka ya 1970 vimo kwenye makumbusho. Kuna kipande cha ukuta ambacho mabaharia Wareno walichora merikebu na samaki kwa makaa na udongo mwekundu, kama watoto waliochoshwa na darasa. Mimi hukaa hapo kuliko penye mizinga. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na sehemu hiyo waongoza watalii wengi huipita mbio.

Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tazama vizuri kilichoingizwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu 2001, na huko ni mji na nyumba zake na vichochoro vyake. Kwetu imeingia ngome na eneo linaloizunguka. Mji wa Kale unalindwa na sheria ya nchi kama eneo la hifadhi, sawa, lakini sheria haipaki chokaa. Mawimbi yalipoanza kuula mwamba ulio chini ya ngome, serikali ilijenga ukuta wa kuikinga na bahari. Roshani ikioza Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, ni shauri ya mwenye nyumba na mfuko wake.

Na mfuko huo unahitajika hasa. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana wa chumba huishia urefu wa boriti unapoishia. Ukuta wa namna hii hupumua. Ukiupaka simiti kwa sababu ni rahisi na fundi yuko karibu, unyevu hukosa pa kutokea, na baada ya misimu kadhaa ya mvua plasta hudondoka na jiwe lake. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache. Sasa piga hesabu ya nyumba ya mirathi yenye warithi kumi na wawili, nusu wako Dubai na London, kila mmoja anangoja mwenzake atoe kwanza.

Hapo wanaotaka wageni hupata nguvu. Mgeni aliyelipia kila kitu hotelini Nyali huletwa kwa basi, hutembezwa ngomeni, hupelekwa duka ambalo dereva ana fungu lake, kisha hurudishwa kuogelea. Muuza kahawa mwenye dele lake, anayegonga vikombe kutangaza kuwa amefika, hapati hata shilingi. Mgeni wa miguu ni mwingine. Atakunywa kahawa tungu kwa kashata, atakula mahamri kwa mbaazi asubuhi na viazi vya karai jioni, atachagua leso Biashara Street mpaka muuzaji achoke kuzikunjua. Ni pesa ndogondogo, lakini zinaingia mikononi mwa wakazi.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Kichochoro cha Mji wa Kale ni sebule isiyo na paa. Wanawake hukaa barazani baada ya alasiri, watoto hutoka madrasa na juzuu zao, na mlango huachwa wazi ili upepo uingie, si ili mtu achungulie. Nimeona kundi la vijana wa bara wakielekeza simu kwenye mlango ulioegeshwa, ndani bibi anachambua mchele. Bibi hakuinuka. Aliuliza tu: "Wanangu, hodi nayo siku hizi ni pesa ngapi?" Walicheka, wakaona haya, wakaomba radhi. Picha walikuwa wameshapiga.

Kisha wasiotaka wageni huonyesha Shela, Lamu, na Mji Mkongwe, ambako nyumba nyingi zimegeuka hoteli na kwa watoto wa wenyeji kununua nyumba mtaani kwao kumekuwa ndoto. Hofu hii naiheshimu, ila hapa Mombasa naona inamtuhumu asiyehusika. Anayeuhamisha Mji wa Kale kwa sasa si mtalii. Ni gharama ya ukarabati, mirathi isiyogawika, na tamaa ya kuangusha nyumba ya ghorofa mbili ili isimame fleti ya sita. Mgeni akizuiwa leso hazitanunuliwa, na roshani itaendelea kuoza.

Kwa hiyo mimi ni wa upande wa kuwaingiza, kwa miguu na kwa makundi madogo, na mwongozaji awe mtoto wa mtaa huo. Waanze baada ya alasiri jua likipoa, waingie Ndia Kuu (ndia kwa Kimvita ndiyo njia), wapite Msikiti wa Mandhry ambao husemwa ni wa mwaka 1570, washuke Bandari ya Kale. Majahazi siku hizi ni machache, kwani shehena zilihamia Kilindini zamani. Hapo karibu ipo Leven House na ngazi zake za kushukia majini, zenye jina la manowari ya Waingereza waliotia mguu hapa mwaka 1824. Mavazi ya heshima, simu mfukoni mpaka uruhusiwe. Na lile duka la fungu la dereva wasilione kabisa.

Udhaifu wa upande wangu naujua: hakuna njia inayoitoa shilingi ya kahawa ikafika kwenye ukuta wa nyumba ya mirathi. Tiketi ya ngome ina dirisha lake. Ndia Kuu haina dirisha, na sitaki iwe nalo. Mjomba wangu, mwenye baraza asilotaka likaliwe na mgeni, hunishika hapo hapo kila tukibishana. Anasema watu wengi wamemuulizia bei ya mlango wake wa nakshi, wengine wakataka kuubeba siku hiyo hiyo. Bei ya chokaa hajaulizwa na yeyote.